Rangi Iliyokataa Kupungua

Ukimwuliza mtu wa mtaani kwetu mke wa mwanangu anafanya kazi gani, atakwambia ni daktari, kwa sababu ya koti jeupe analolikunja na kulitia mfukoni kila asubuhi. Ukimwuliza mwenyewe atacheka kwa pua, aseme, "Mimi ni mwosha vyombo. Ila vyombo vyangu vidogo."

Nyumbani tunamwita Polepole. Jina hilo alipewa na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, wiki ile ile alipoingia nyumbani kama bibi harusi. Wifi alimwona anamimina chai, kikombe kimoja kimoja, macho yameganda kwenye ukingo kama mtu anayemtilia mtoto dawa ya macho.

"Huyu binti," wifi akasema, "tukimtuma moto leo, tutakula kesho."

Binti hakukasirika. Akamaliza kumimina, hakumwaga hata tone, akamsogezea kikombe kwa mikono miwili. "Karibu kesho, Shangazi," akasema.

Wifi alicheka mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo wakawa watani, na mimi nikajua mwanangu ameoa mtu.

Mwanangu anaendesha lori la masafa marefu. Yuko barabarani zaidi kuliko kitandani, Mungu amlinde, kwa hiyo nyumba ni yetu sisi wanawake watatu. Wifi ndiye redio. Polepole ndiye saa ya ukutani, humsikii mpaka nyumba inyamaze. Na mimi, kwa miaka hii ya karibuni, nimekuwa kama kiti cha zamani, kila kiungo kinalia kikiguswa.

Ni ugonjwa wa viungo. Mwili wangu, kwa sababu anayoijua Muumba, uliamua kupigana na wenyewe. Nilikuwa naamka asubuhi vidole vimekunjamana, vinagoma kufunguka, nikawa navibembeleza kwenye maji ya vuguvugu kama watoto waliokataa kwenda shule. Magoti nayo yakakataa kupigwa. Nikawa nasali nimeketi, na nikamwomba Mungu anisamehe kwa kuzungumza naye kama mgeni aliyekalia sofa.

Madaktari wakanipa vidonge vyeupe. Sitavisema vibaya, vidonge vile viliniinua. Lakini vilichukua kodi yao. Ngozi ikawa laini kama karatasi ya kufungia maandazi. Usingizi ukahama usiku ukahamia mchana, hata nikawa naota nimeketi, sufuria iko jikoni. Na uso ukavimba, ukawa duara. Nikitoka chumbani wifi alikuwa anasema, "Mwezi umechomoza. Zimeni taa, tusipoteze umeme." Nilicheka naye, maana utani wa wifi ni dawa nyingine.

Ila kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia wifi. Mimi nimefanana na mama yangu. Alipofariki, sikuwa na picha yake hata moja, lakini sikuona hasara, kwa kuwa nilikuwa nikitazama kioo namwona: mashavu yaliyoingia ndani, na mfupa chini ya jicho kama ukingo wa kikombe. Kila asubuhi nilikuwa namwamkia. Vidonge vilipouvimbisha uso wangu, mama akaondoka kwenye kioo. Nilikuwa natazama namkuta mwanamke mnene nisiyemjua, ananitazama kwa macho yangu.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Sikutaka kuruka wala kukimbia. Nilitaka uso wangu, ili nimwone mama.

Niliyemwambia ni Polepole, siku moja ya Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku anayoniosha nywele, kwa kuwa mikono yangu haipandi kupita mabega. Ananiketisha uani kwenye kigoda, ninainamia beseni, naye anamimina maji kwa kikombe cha bati. Mtu akikuosha kichwa huku umefumba macho, maneno hutoka yenyewe. Nikamwambia habari ya kioo. Maji yakaendelea kushuka nyuma ya masikio yangu, taratibu, na vidole vyake vikaendelea kutafuta povu. Nikajua amesikia, maana alinisuuza mara tatu badala ya mbili.

Kliniki yangu iko katika hospitali kubwa, na ghorofa ya juu ya hospitali hiyo ndiyo maabara anakofanya kazi Polepole. Mwaka juzi wakaanzisha utafiti wa wagonjwa wa viungo kama sisi. Nesi wa utafiti, mama mmoja mcheshi mwenye pengo, alinieleza vizuri nikakubali. Wakanitoa damu. Mrija ukabandikwa namba, jina langu likabaki kwake amelifungia.

Jioni ile Polepole aliniambia, "Mama, damu yako itapita mikononi mwangu, na mimi sitaijua."

"Hata kwa kunusa?" wifi akauliza. "Damu ya nyumba hii inanuka kitunguu."

"Hata kwa kunusa, Shangazi. Kwetu kule kila mtu ni namba."

Walichokuwa wanakitafuta ni protini moja. Alinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa kwa kiasi cha elimu yangu ya msingi. Mwili una askari, na askari wakishapigana lazima awepo wa kuwaambia: basi, imetosha, rudini kambini. Protini hii ndiyo inayopeleka neno hilo. Nikasema ni kama mama wa nyumba, watoto wakigombana sana anatokea mlangoni na mwiko. Polepole akasema ndiyo, ila huyu mwiko hauinui, anasema tu. Sasa wagonjwa watakaoonekana wanayo kwa wingi, hao wangepunguziwa vidonge kidogo kidogo chini ya uangalizi, hatimaye waviache kabisa. Wasio nayo wangeendelea navyo kama kawaida.

Unaelewa, msomaji, nilikuwa namwomba Mungu nini.

Kazi yenyewe niliiona siku moja tu. Polepole alikuwa amesahau miwani nyumbani, na mimi nilikuwa na kliniki, nikampelekea. Mlinzi akaniketisha kwenye benchi la korido mbele ya dirisha kubwa la kioo, akasema nisubiri, huwezi kumkatiza mtu katikati ya pleti. Nikaketi. Ndani palikuwa peupe, pametulia, friza zinanguruma kwa mbali kama paka aliyeshiba. Nikamwona mke wa mwanangu amevaa glavu, miwani ya akiba imemkaa upande. Mbele yake palikuwa na kile wanachokiita pleti, kibao cha plastiki kisichozidi kiganja, chenye vishimo vidogo vilivyojipanga kama mbegu za hindi. Chini ya kila kishimo, aliniambia baadaye, kumegandishwa kingamwili, ambazo ni kama ndoano. Anatia yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikitulia. Kama ile protini imo, ndoano inaikamata. Anaosha. Anatia ndoano ya pili, hii imebeba kitu cha kuleta rangi, nayo inamng'ang'ania yule yule aliyekamatwa kutoka juu. Anaosha tena.

Kuosha ndiko kulikonikalisha kimya. Anamimina, anasubiri, anapindua pleti juu ya sinki, anaigonga kwenye karatasi laini. Anamimina tena. Midomo yake ilikuwa inachezacheza, nikadhani anaimba. Baadaye nikamwuliza alikuwa anasema nini.

"Nasali, Mama. Ukiosha kwa nguvu unang'oa hata kilicho kweli. Ukiosha kidogo unabakiza hata kilicho uongo. Katikati hapo ni padogo."

Kisha akatia maji mengine, meupe kama ya bomba, akazima taa iliyokuwa juu ya meza. Na vile vishimo vikaanza kubadilika. Sikuamini macho yangu. Kimoja hapa, kingine kule, rangi ya buluu ikawa inaamka, kwanza kama pumzi kwenye kioo, halafu kama anga kabla jua halijatoka. Vingine vikabaki vyeupe. Hakuna aliyevigusa. Nilikumbuka maneno kwamba Roho hutembea juu ya maji. Sijui kama nilisinzia, vidonge vina mambo yao, lakini nilijiona natembea ukingoni mwa visima vingi vilivyopangwa, na katika kila kisima kuna mtu ameketi chini anasubiri aitwe. Nikainama nione kama nami nimo. Mara Polepole akatia tone la tindikali, kishimo kimoja baada ya kingine, na buluu yote ikageuka manjano, kwa mkupuo, kama kijiji kimewasha taa.

Niliamka na miwani mkononi. Yeye alikuwa amesimama mbele yangu anatabasamu. "Umelala kwenye kazi yangu, Mama."

"Nimeota kwenye kazi yako," nikamwambia.

Baada ya wiki kadhaa nesi mwenye pengo akaniita. Akafunga mlango, akanishika mkono vibaya mahali panapouma, kwa furaha. Majibu ya kwanza yametoka. Damu yangu imeonyesha ile protini nyingi sana, nyingi mno, mimi ni katika wale wa mwanzo watakaopunguziwa. Yabaki kuhakikisha tu. Nilimshukuru Mungu pale pale kwenye kiti cha plastiki. Nyumbani nikaenda moja kwa moja kwenye kioo, nikamwambia yule mwanamke mnene, "Mama mwenye nyumba anarudi. Funga mizigo."

Wifi alinisikia. "Haya, mwezi unaanza kupungua," akasema. "Nitakosa mwanga wa kuvulia nguo." Lakini akanikumbatia, naye si mtu wa kukumbatia.

Aliyekosa kufurahi ni Polepole. Alisema "Hongera, Mama," akaenda kuosha vikombe. Akaviosha. Akavirudia. Siku zilizofuata akawa yupo hayupo. Unamwita mara mbili ndipo anageuka. Wifi akaninong'oneza, "Huyu ama ana mimba ama ana deni." Nikamwambia amwache mtoto wa watu apumue.

Alifunguka mwenyewe, jioni, tunakunywa chai. Wifi alilalamika chai imekolea kama wino, akajiongezea maji ya moto kwenye kikombe chake. Polepole akakitazama kile kikombe.

"Shangazi, umetia maji nusu kwa nusu. Chai imekuwaje?"

"Imekuwa chai ya Kikristo, imebatizwa maji. Kwani wewe huoni? Imepauka."

"Ndiyo. Ingekuwa umetia maji na isipauke, ungesemaje?"

"Ningesema siyo chai. Ni rangi ya nguo."

Polepole akaweka kikombe chake chini. Akasema kuna damu, siyo nyingi, zilizotoa manjano kali kuliko kipimo kinavyoweza kusoma. Utaratibu wao ikiwa hivyo ni kuzimua kwa maji maalumu na kurudia, halafu hesabu inazidishwa. Amezizimua. Nyingine zimepauka kama chai ya shangazi, sawasawa, nusu kwa nusu. Lakini nyingine zimekataa. Unazimua nusu, rangi inabaki pale pale. Unazimua tena, inapungua kidogo tu, kwa shingo upande. Rangi ya kweli haifanyi hivyo.

"Wenzangu wanasema mkono wangu umekosea kupima," akasema. "Nimerudia. Haikuwa mkono."

"Sasa ni nini?" nikamwuliza.

"Wagonjwa wa viungo, Mama, wengine damu yao ina kingamwili zinazonata kila mahali. Moja inaishika ndoano ya chini kwa mkono huu, na ndoano ya juu kwa mkono huu." Akaishika meza na akaishika kanga yangu. "Katikati inakuwa daraja. Rangi inatokea, mashine inasema protini ipo tele. Kumbe haijashikwa protini yoyote."

Wifi akapiga makofi. "Kumbe hata kwenye damu kuna wambea! Anachukua neno huku, anapeleka kule, na aliyesemwa hata hayupo."

Tulicheka, sote watatu. Kisha kicheko kikaisha na hakuna aliyechukua kikombe.

"Na mtu mwenye daraja hilo akipunguziwa vidonge?" nikauliza.

"Askari watapigana, Mama, na ndani hakuna wa kuwaambia basi. Viungo vinaweza kuharibika visirudi."

"Namba hizo ni za nani?"

"Sijui. Kweli sijui. Zimo chache. Unaweza kuwemo, unaweza usiwemo." Akakizungusha kikombe chake mezani. "Nikisema, watarudia zote. Waliokwisha kupewa habari njema wataitwa tena. Najua unachokitaka, Mama. Nilikusikia siku ile uani."

Mimi nilitazama mikono yangu juu ya meza. Nilikuwa nimeshaanza kuuaga ule uso mnene. Nilikuwa nimeshamwandalia mama kiti. Ndani yangu sauti ilisema, mwache mtoto anywe chai yake, wasomi wako wengi, kama kuna kosa wataliona wenyewe. Nikaisikiliza kidogo, maana ilikuwa na sauti nzuri. Halafu nikakumbuka midomo yake ikichezacheza juu ya pleti.

"Mwanangu," nikasema, "wewe hukuosha vishimo vile kwa sala ili uje unywe uongo na chai. Kesho sema."

Akainamisha kichwa. "Ndiyo, Mama."

"Na njia ya mwongo ni fupi," wifi akaongeza, ili asikose la kusema. "Hata akiwa protini."

Alivyosema huko kazini najua kwa kusimuliwa. Mkuu wa maabara si mtu mbaya, ila alikuwa amechoka, na vifaa vya kipimo hicho huagizwa kutoka mbali. Akamwambia, "Dada, hawa watu tumeshawapa majibu."

Yeye akajibu, "Ndiyo maana, Mkuu."

Basi, ni hayo tu. Angekuwa wifi angehutubia. Yeye akasimama tu na pleti yake, kama anavyosimama jikoni akisubiri maji yachemke, na mtu akisimama hivyo mbele yako utamwambia nini? Mkuu akachukua karatasi za mashine, akazitazama, akaketi, akazitazama tena. Mwisho akasema, "Rudia. Nitakaa nawe."

Wakarudia. Safari hii waliitilia kila damu kwanza kingamwili za panya, jamii moja na zile ndoano ila zisizo na kazi, ili zile zinazonata zishikane nazo zishibe, zisipate mkono wa kujengea daraja. Polepole alisema alipozima taa ya mezani, vishimo vingine vilipanda buluu kama zamani, bila wasiwasi. Na vingine, vile vilivyokataa kupungua, vilibaki vyeupe kama maji ya kisima. Alivitazama muda mrefu. Mkuu alimgusa bega.

Nesi aliniita. Hakucheka, kwa hiyo sikuliona pengo lake, nikajua. Namba yangu ilikuwa kwenye vyeupe. "Usife moyo," akasema, "ungepunguziwa dawa ungeumia vibaya. Umeokoka." Nikamwambia nimeelewa. Nikashuka ngazi nimeshika ukuta. Njiani sikulia. Nyumbani nikaukwepa ule ukuta wenye kioo.

Polepole aliporudi alikuwa hajui. Yeye alizijua namba, mimi nilijua jina. Alisimama mlangoni, koti mfukoni, akanitazama usoni, na kwa uso huu wa duara nadhani kila kitu kinasomeka. Akapiga magoti chini, mbele ya kiti changu, magoti yake mazima ya ujana, akalaza kichwa mapajani mwangu.

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Kuniosha?"

Akashika kanga yangu kwa mikono miwili. Nikaweka mkono wangu mgumu juu ya kichwa chake na tukakaa hivyo mpaka wifi akaingia, akatukuta, akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Haya, nani amekufa? Kama hakuna, mtu anikatie vitunguu."

Jumamosi ikafika. Akaniketisha uani kwenye kigoda, jua la asubuhi limelala ukutani. Akaweka beseni miguuni pangu, akachota kwa kikombe cha bati. Maji yalikuwa ya vuguvugu, ameyajaribu kwa kiwiko kama ya mtoto. Nikainama. Akamimina, akasubiri, akasuuza.

Sijui kwa nini sikufumba macho siku ile. Povu lilikuwa limesogea pembeni ya beseni, na katikati palibaki duara la maji safi. Kila tone lililoanguka kutoka kwenye nywele zangu liliyatikisa, na maji yakitikisika yalikuwa yanavuta uso wangu, yanaurefusha, yanayaingiza mashavu ndani. Tone likaanguka. Mfupa ukatokea chini ya jicho kama ukingo wa kikombe.

"Simama hapo hapo," nikamwambia Polepole. "Usimimine haraka."

"Lini nimewahi kumimina haraka, Mama?"

Akamimina kidogo, tone kwa tone, kama anavyojua yeye. Sikumwambia naangalia nini. Nikaendelea kuinama, shingo inaniuma, na nikamwamkia mama.